SOMO JUU YA MENO YALIYOTOBOKA: KUZIBA, KUVIKA KOFIA, KUJENGA DARAJA

Wandugu wanafunzi, na ninyi mama na baba mnaosoma karatasi hii kwenye benchi mkingoja zamu yenu,

Mtu anakuja akishika shavu, na neno lake la kwanza ni: «Munganga, ngoa tu. Sina feza ya mambo mingi.» Tunamwelewa. Lakini jino la mtu mkubwa likingolewa halioti tena, na meno ya jirani yanaanza kulalia pengo. Baadaye anatafuna upande mmoja tu. Ndiyo maana muuguzi anapaswa kujua njia nyingine zilizopo, hata kama yeye mwenyewe hazifanyi, ili aweze kumwambia mgonjwa: «Jino hili linaweza kuokolewa,» ao: «Hili limekwisha.» Leo tunajifunza kazi zile zinazokaa mdomoni siku zote. Meno ya kuvaa asubuhi na kuvua usiku tutayagusa kidogo tu.

JINO LENYEWE

Juu kuna ganda jeupe. Ni gumu kupita kitu chochote kingine cha mwili, hata mfupa. Ganda hili halisikii maumivu, na likishatoboka haliponi lenyewe. Chini yake kuna nyama ngumu ya jino, yenye rangi ya manjano kidogo, laini kuliko ganda. Katikati kuna moyo wa jino, ndio mishipa ya damu na ya maumivu, inayoingia kwa ncha ya mzizi. Hakuna mdudu anayetoboa jino, hata kama babu zetu walisema hivyo. Ni vijidudu vidogo visivyoonekana kwa macho. Vinakula sukari ya miwa, ya bombo na ya chai, vinatoa asidi, na asidi inayeyusha ganda polepole.

Kabla ya kusema dawa, uliza. Maji ya baridi yanauma, kisha maumivu yanaisha upesi? Mara nyingi moyo wa jino ungali mzima, na kuziba kunatosha. Maumivu yanakuja yenyewe usiku, yanapiga-piga, yanakataza usingizi? Moyo umeshaugua, na ukiziba juu tu unafungia ugonjwa ndani. Gonga jino polepole kwa mshikio wa kijiko: mgonjwa akiruka, ugonjwa unaweza kuwa umefika kwenye ncha ya mzizi.

Na kama kuna uvimbe chini ya kidevu ao shingoni, mdomo haufunguki, kumeza ao kupumua ni shida, usizungumze habari ya kuziba. Mtu huyo apelekwe hospitali saa ile ile, hata usiku, hata kwa mtumbwi. Usaha wa jino unaweza kumfunga pumzi.

KUZIBA

Watu wa vijiji mingi hufikiri kuziba jino ni lazima kuwe na mashini na umeme. Sivyo. Katikati ya miaka ya 1980, waganga wa meno waliofanya kazi Tanzania walijaribu njia ya vyombo vya mkono tu. Wanatoa uozo kwa kijiko kidogo chenye ukali, wanasafisha tundu kwa pamba, wanakausha, kisha wanatia saruji ya meno na kuikandamiza kwa kidole chenye glavu kilichopakwa vazelini. Mara nyingi hata sindano haihitajiwi. Shirika la Afya la Dunia (OMS) lilitangaza njia hiyo Siku ya Afya, tarehe 7 Aprili 1994. Saruji yenyewe ni unga wa kioo uliosagwa laini sana, unaochanganywa na maji ya asidi. Wilson na Kent, wa Uingereza, waliandika habari zake mwaka wa 1972. Inashika jino yenyewe, tena inatoa fluori inayosaidia ganda. Mwaka wa 2021 OMS iliiweka katika orodha yake ya dawa za lazima.

Kwangu mimi hii ndiyo njia ya kwanza kwa sehemu kama zetu. Lakini tuseme na upungufu wake: katika tundu dogo la upande mmoja inakaa vizuri miaka, katika tundu kubwa lililokula pande mbili ao tatu inavunjika mapema. Baada ya kuzibwa, mgonjwa asile kwa muda wa saa moja.

Kuna pia mchanganyiko wa rangi ya fedha, ambao nusu yake ni zebaki, ile ile wanayotumia wachimba zahabu. Ni imara na wa bei ndogo. Hata hivi zebaki ni sumu, na mwaka wa 2022 nchi za mapatano ya Minamata zilikubaliana usitumiwe kwa watoto chini ya miaka 15 wala kwa mama mwenye mimba ao anayenyonyesha, isipokuwa mganga ameona ni lazima. Mwenye nao tangu zamani, na jino halina shida, asikimbie kuutoa. Ni wakati wa kuutoboa ndipo mvuke unatoka mingi. Dawa nyingine ya kuziba ina rangi ya jino, nayo inakaushwa kwa taa ya bluu. Ni nzuri kwa meno ya mbele, lakini inataka jino kavu kabisa, na courant isiyokatika.

Tundu likiwa kubwa zaidi, fundi anaweza kupima na kutengeneza kipande nje ya mdomo, kisha kikagandishwa mahali pake. Hapa kwetu ni kazi ya watu wachache.

KUVIKA KOFIA

Kofia, watu wa mji wanasema kuroni, inafunika jino lote mpaka karibu na ufizi. Inafaa kwa jino lililobaki na kuta nyembamba, na zaidi kwa gego ambalo moyo wake umetolewa na mizizi yake kujazwa. Jino la namna hiyo limepoteza sehemu kubwa ya mwili wake. Siku moja mgonjwa anatafuna mfupa wa samaki, nalo linapasuka mpaka mzizini. Basi feza ya kutibu mizizi imepotea.

Kazi inakwenda hivi. Mganga anapunguza jino pande zote, milimita moja hivi, mahali pengine karibu mbili. Anachukua alama yake kwa dawa laini inayoganda, fundi anatengeneza kofia juu ya mfano, na siku nyingine inagandishwa. Kofia ya chuma kitupu ni nyembamba, kwa hiyo jino linapunguzwa kidogo tu. Haina uzuri, lakini kwa gego la nyuma nani anaangalia? Ya chuma iliyofunikwa kwa kauri ni ya mbele. Siku hizi kuna ya zirkonia, nyeupe na ngumu sana.

Kwa gego la utoto kuna kofia za chuma zilizokwisha kutengenezwa. Daktari Norna Hall wa Scotland alizisukuma juu ya jino bila kutoboa na bila sindano, akafungia uozo chini, nao ukakosa chakula. Njia hiyo inaitwa kwa jina lake. Haifai kama mtoto ana maumivu ya usiku ao usaha.

Sasa sikieni neno hili vizuri. Kuna watu wanaopita masoko na begi, wanabandika kofia za rangi ya zahabu kwa saa moja. Wengine wanabandika juu ya jino zima, kwa urembo tu. Wengine juu ya jino bovu, bila kusafisha kitu. Msichana mmoja alikuja kwetu akiwa na kofia nzuri ya mbele na mdomo wa juu umevimba mpaka puani. Tulipoitoa, jino chini lilikuwa jeusi na laini kama ndizi iliyooza. Alikuwa amelipa bei ya kuziba mara kadhaa. Tena chombo kilichotoka mdomo mmoja na kuingia mwingine bila kuchemshwa kwa mvuke wa nguvu kinaweza kupeleka ugonjwa wa ini ao SIDA. Mgonjwa ana haki ya kuuliza: «Vyombo hivi vimepikwa wapi?»

Kama jino limevunjika mpaka ufizini na mzizi ni imara, mganga anaweza kusimika nguzo ndani ya mzizi, baada ya kuutibu, na kuvika kofia juu. Wagenia wanajua jambo hili: mti wa mtego unasimama katika maji makali kwa sababu tundu la mwamba ni zima. Mzizi uliopasuka hausimamishi nguzo.

DARAJA

Jino likikosekana katikati, meno mawili ya jirani yanavikwa kofia, na jino la bandia linaunganishwa nazo. Daraja la Tshopo linasimama kwa sababu kingo zote mbili zinalibeba. Daraja la meno nalo linategemea meno ya kando. Meno ya kuvua, hayo ni mtumbwi wa Lubunga: yanakuvusha, lakini yanakwenda na kurudi.

Mimi simshauri kijana mwenye meno mazima kukubali upesi daraja la kofia mbili, kwa maana utapunguza meno mawili yasiyo na kosa ili kujaza pengo moja, na ganda lililopunguzwa halirudi. Kwa pengo la mbele, auliziwe kwanza daraja la bawa, linalogandishwa nyuma ya jino la jirani karibu bila kulipunguza. Kama jirani zenyewe zimeshatoboka sana na zinahitaji kofia, hapo daraja lina maana. Skrubu ya kusimikwa ndani ya mfupa ipo pia, lakini bei yake ni kubwa sana.

Chakula kinaingia chini ya daraja kila siku. Mwenye nalo apitishe uzi chini yake kila usiku, na apige mswaki wenye dawa ya fluori kwenye mpaka wa kofia na ufizi. Uozo unaanza pale pale.

JINO LA MIAKA SITA

Karibu na miaka sita, gego la kwanza la ukubwa linatoka nyuma ya meno ya utoto. Hakuna jino linalodondoka kabla yake, kwa hiyo mama anafikiri ni la utoto na anaacha lioze. Ni hilo tunalolingoa mingi. Mfungue mtoto mdomo, hesabu kutoka katikati: gego hilo ni la sita.

MAULIZO

1. Baba ana tundu dogo. Maji ya baridi yanamuuma kidogo tu. Kijijini kwake hakuna umeme. Utamwambia nini?

2. Mwalimu alitibiwa mizizi ya gego mwaka jana, akazibwa, hasikii maumivu. Kwa nini bado unamtuma kwa mganga wa meno?

3. Mama mwenye mimba anaomba kubadilisha plombaji ya zamani ya rangi ya fedha isiyo na shida. Eleza jibu lako.

4. Tazama mdomo wa mwenzako darasani. Gego la sita liko pande zote nne? Andika uliloona.