Kusaini mkataba wa ardhi kwa njia ya kielektroniki: kwanza uliza utathibitisha vipi

Watu wengi wakizungumzia saini za kielektroniki huuliza kama zinakubalika. Kwa Kenya jibu ni fupi: zinakubalika, hata katika mauziano ya ardhi, ambako sheria imekaza kuliko katika biashara nyingi nyingine. Ila jibu hilo halimfikishi mnunuzi mbali. Mkataba wa ardhi hauandikwi kwa ajili ya siku ambayo watu wanaelewana. Unaandikiwa siku ambayo mmoja atakana. Kwa hiyo mimi naanza na swali jingine: siku hiyo ikifika, nitathibitisha vipi kwamba ni fulani aliyesaini, na kwamba alisaini maneno haya haya na bei hii hii? Ukilishika swali hilo, utajua mwenyewe ni karatasi zipi za kusaini kwenye simu, zipi bado zinataka kalamu, na hatua zipi hupaswi kuruka hata muuzaji akikupigia kila baada ya saa moja akisema kuna mteja mwingine mwenye pesa taslimu.

Tuanze na sheria, maana mengi yanayosemwa mitaani kuihusu ni nusu ya ukweli. Sheria ya Mikataba ya Kenya, Sura ya 23, kifungu cha 3(3), inasema huwezi kushtaki kwa msingi wa mkataba wa kuuziana ardhi isipokuwa uwe umeandikwa, umesainiwa na pande zote, na saini ya kila mmoja imeshuhudiwa na mtu aliyekuwepo wakati wa kusaini. Kwa miaka mingi kusaini kulimaanisha wino, au dole gumba kwa asiyejua kuandika. Machi 2020, bunge likapitisha marekebisho ya sheria kadhaa za biashara kwa pamoja, na humo maana ya kusaini ikapanuliwa ili ijumuishe saini ya kielektroniki ya kiwango cha juu. Marekebisho hayo hayo yaligusa pia Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012. Hayo maneno manne, "ya kiwango cha juu", ndiyo yanayorukwa na wengi, na ndiyo yanayobeba mzigo wote. Sheria ya Habari na Mawasiliano inaeleza maana yake kwa masharti manne: saini hiyo iwe imefungamana na mwenyewe peke yake, iweze kumtambulisha, iwe imetengenezwa kwa njia iliyo mikononi mwake pekee, na iunganishwe na waraka kiasi kwamba badiliko lolote linalofanywa baadaye litaonekana.

Sasa pima kwa masharti hayo kile ambacho madalali wengi hukiita saini ya kielektroniki: picha ya saini iliyopigwa kwenye karatasi nyeupe, ikakatwa, ikabandikwa chini ya mkataba. Mwenye picha hiyo anaweza kuibandika popote, leo kwenye mkataba wa ploti ya Kitengela, kesho kwenye hati ya mkopo. Haimtambulishi mtu, haiko mikononi mwake pekee, na bei ikibadilishwa juu yake hakuna kitakacholalamika. Jina lililochapwa kwenye Word ni hivyo hivyo. Sisemi kwamba mahakama haiwezi kamwe kuupa uzito waraka wa aina hiyo. Ninachosema ni kwamba umeingia katika ununuzi mkubwa pengine kuliko mwingine wowote maishani mwako ukiwa na ushahidi dhaifu, wakati ulio imara ulikuwepo.

Ushahidi ulio imara unaonekana ukilifungua faili lenyewe. Mkataba uliosainiwa ipasavyo huwa ni faili la PDF, na ukilifungua kwa programu inayosoma saini, pembeni utaona jina la aliyesaini, cheti kilichotumika na nani alikitoa, tarehe na saa hadi sekunde, na taarifa kwamba waraka haujaguswa tangu hapo. Kinachowezesha hayo ni hesabu. Wakati wa kusaini, programu hupitia waraka wote na kutoa mfuatano wa herufi na tarakimu unaotokana na kila kilichomo. Badilisha shilingi 4,500,000 iwe 4,600,000, au futa mkato mmoja tu, mfuatano unakuwa mwingine kabisa, na atakayefungua faili ataonywa kwamba lilibadilishwa baada ya kusainiwa. Karatasi ya wino haina uwezo huo: ukurasa wa tatu wa mkataba unaweza kuchomolewa na kupachikwa mwingine, ndiyo maana mawakili huwataka watu waandike herufi za majina yao chini ya kila ukurasa. Lakini uimara huo unakaa ndani ya faili, haukai katika kile unachokiona kwenye kioo. Ukilichapisha kwenye karatasi, ukaipiga picha na kuituma kwa WhatsApp, kilichosafiri ni picha ya saini, na tumerudi kwa yule dalali.

Hapo ndipo uchaguzi wa jukwaa la kusainia unapoingia. Kenya kuna watoa huduma za vyeti vya kielektroniki wanaopewa leseni na Mamlaka ya Mawasiliano, chini ya kanuni za mwaka 2010, na kwa mkataba wa ardhi mimi ningeanzia kwao. Majukwaa ya kigeni kama DocuSign na Adobe yana viwango zaidi ya kimoja vya saini. Kile cha chini kabisa, cha kubofya kiungo kilichotumwa kwa barua pepe, kinathibitisha kwamba mtu mwenye uwezo wa kufungua barua pepe ile alibofya. Kwa barua ya ofa au makubaliano ya ada ya dalali, hicho kinatosha. Kwa mkataba wenyewe wa mauziano, dai cheti kilichotolewa baada ya mtu kuthibitishwa utambulisho wake.

Na utambulisho ni kazi ya kufanywa kabla, haifanywi na saini. Hili ni pingamizi la kwanza ninalolisikia, na lina haki yake: wakora wataitumia teknolojia hii kuuza mashamba ya watu. Ni kweli watajaribu, lakini mkora anayeuza shamba lisilo lake hashindwi na kalamu pia. Miaka yote amekuwa akisaini kwa wino, na kitambulisho bandia mkononi. Dawa yake ni ile ile ya zamani: fanya sachi rasmi ya hati, linganisha jina na namba ya kitambulisho na PIN ya ushuru, nenda ukaone ardhi, ongea na majirani wa mpaka. Saini ya kielektroniki inaongeza kitu kimoja ambacho wino hauna, nacho ni alama za njia: saa, anwani ya barua pepe, namba ya simu iliyopokea msimbo. Ili alama hizo ziwe na thamani, ziandike ndani ya mkataba. Weka kifungu kinachosema pande zote zimekubali kusaini kielektroniki, taja barua pepe na namba ya simu ya kila mmoja zitakazotumika, na sema kwamba faili lenye saini ndilo nakala halisi. Barua pepe iliyofunguliwa wiki hiyo kwa ajili ya mauzo haya tu inapaswa kukutia shaka. Laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina la mtu mwingine, vivyo hivyo. Na kwa kuwa wizi wa kubadilishiwa laini upo, msiache msimbo wa simu uwe ndio ulinzi pekee. Wakili ampigie msainiji kwa video, aone sura na kitambulisho, na aweke kumbukumbu ya simu hiyo.

Suala la shahidi ndilo gumu kuliko yote, na ndilo linalopuuzwa zaidi na wauzaji wa majukwaa. Sheria inataka shahidi aliyekuwepo. Je, kuwepo kwenye Zoom ni kuwepo? Uingereza walilitafakari jambo hili kwa kina: tume yao ya sheria ilisema mwaka 2019 kwamba, kwa hati rasmi zinazohitaji shahidi, anapaswa kuwa pale pale kimwili hata kama saini ni ya kielektroniki, na masjala yao ya ardhi ilipoanza kupokea saini za aina hiyo Julai 2020, sharti hilo lilibaki. Sheria ya Kenya haifungwi na maoni ya London, lakini neno "aliyekuwepo" ni lile lile, na sioni sababu ya mnunuzi kugeuza pesa zake kuwa kesi ya majaribio. Kwa hiyo utaratibu wangu ni huu: msainiji na shahidi wakae chumba kimoja. Msainiji asaini kwa kifaa chake, shahidi aangalie, kisha shahidi asaini kwa kifaa chake mwenyewe na barua pepe yake mwenyewe, akiandika jina kamili, kazi na anwani. Saa za saini hizo mbili zikipishana kwa dakika chache, faili lenyewe linakuwa shahidi wa tatu. Zikipishana kwa siku mbili, wakili wa upande wa pili atakuwa na la kusema.

Mkenya aliyeko Doha au Dallas anaweza kufanya hivyo hivyo, akiwa na shahidi aliye naye huko huko, na ndiye anayefaidi zaidi, kwa sababu anaokoa gharama na majuma ya kutuma bahasha. Ila faida yake inaishia kwenye mkataba. Zikifika karatasi za kuhamisha umiliki, mambo yanategemea shamba liko wapi. Mfumo wa serikali wa shughuli za ardhi mtandaoni, Ardhisasa, ulizinduliwa Aprili 2021 ukianzia Nairobi, na pale ambapo rekodi za ardhi zimeingizwa humo, shughuli inapitia kwenye akaunti za wahusika wenyewe. Masjala ambazo bado zinaendeshwa kwa karatasi zinataka fomu ya uhamisho yenye wino, picha za pasipoti, nakala za vitambulisho na hati asili. Hapo aliyeko nje atasaini mbele ya mthibitishaji wa hati au ubalozini, au atatoa hati ya uwakala ya kumpa mtu mwingine mamlaka ya kusaini kwa niaba yake, na hati hiyo nayo isajiliwe. Kwa shamba la kilimo, idhini ya bodi ya ardhi iko pale pale. Ushuru wa stempu uko pale pale, asilimia 4 mjini na 2 mashambani. Saini ya haraka haifupishi hata moja kati ya hizo hatua, na anayekuahidi kwamba utamaliza kununua shamba kwa simu ndani ya siku moja anakuuzia kitu kingine.

Pingamizi jingine lina uzito zaidi kwangu: wazee. Mama wa miaka 78 ambaye simu yake hushikwa na mjukuu anaweza "kusaini" uuzaji wa shamba la familia bila kujua. Sharti la njia iliyo mikononi mwake pekee limevunjika hapo kabla hata ya kubofya. Sina jibu la kiteknolojia kwa hilo na sidhani lipo. Asiyetumia simu mwenyewe asisaini kwa simu. Dole gumba bado ni halali, na wakili anayemsomea mzee mkataba kwa Kigikuyu au Kidholuo mbele ya shahidi anafanya kazi ambayo jukwaa lolote haliwezi kuifanya.

Upande wa pili wa sarafu ni urahisi wa kujifunga bila kukusudia. Mwaka 2019, mahakama moja mjini Manchester iliamua mzozo wa kipande kidogo cha ardhi karibu na ziwa Windermere. Wakili alikuwa ametuma barua pepe ya makubaliano kwa bei ya pauni 175,000, na chini yake jina lake na cheo chake vilijiandika vyenyewe, kama ilivyokuwa kwa barua zake zote. Jaji akasema jina lile ni saini, na mteja wake akafungwa nayo. Kenya sharti la shahidi lingeleta ubishi mkubwa, lakini usilifanye ngao: kifungu kile kile cha 3(3) kinaziacha nje amana za kisheria (trust) zinazotokana na mwenendo wa wahusika, na aliyepokea pesa na kumwachia mnunuzi ajenge ana la kujibu hata bila mkataba uliosainiwa vizuri. Mnapojadiliana bei kwa barua pepe au WhatsApp, andika waziwazi kwamba hakuna anayefungwa hadi mkataba rasmi usainiwe.

Limebaki jambo la kuhifadhi. Kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinataka ushahidi wa kielektroniki uambatane na cheti kinachoeleza ulivyotolewa, kikisainiwa na mtu anayehusika na kifaa au mfumo ulikotoka. Faili likiwa limepotelea kwenye simu iliyoibwa, au jukwaa likiwa limefunga akaunti kwa sababu ada haikulipwa, cheti hicho kitasainiwa na nani? Pakua faili asili siku ile ile ya kusaini, pamoja na ripoti ya hatua za kusaini inayotolewa na jukwaa, uviweke kwako na kwa wakili, mahali pawili tofauti, na usivibadilishe jina wala kuvihifadhi upya kwa programu nyingine. Na kabla hujatuma hata shilingi ya malipo ya awali, muulize wakili wako cheti cha saini kitatolewa na nani, shahidi wa kila upande atakuwa nani na atakuwa wapi, na faili asili litabaki kwa nani. Akikosa majibu, mwambie achapishe mkataba, mkutane ofisini msaini kwa kalamu.