Barua Pepe ya Hospitali: Tuanze na Mahitaji ya Mpokeaji

Hospitali inapoandaa mfumo wa barua pepe kwa watumishi wake, aghalabu swali la kwanza huwa ni programu ipi inunuliwe. Swali linalopaswa kutangulia ni hili: nani ataisoma barua hiyo, akiwa wapi, na anatakiwa kufanya nini baada ya kuisoma?

Tuchukue mfano wa majibu ya maabara. Mtaalamu wa maabara hukaa mbele ya kompyuta. Muuguzi hutembea kitanda hadi kitanda. Daktari aliyeagiza kipimo asubuhi huenda jioni amemaliza zamu. Barua iliyotumwa kwa jina lake hulala bila kusomwa, ilhali mgonjwa mwenye potasiamu ya milimoli 6.8 kwa lita moyo wake unaweza kusimama usiku huohuo.

Mfano huu unadhihirisha mahitaji matatu. Kwanza, anwani iwe ya wadhifa, kwa mfano daktari wa zamu wa wodi ya watoto, ili ujumbe umfikie anayewajibika saa hiyo. Pili, kichwa cha barua kitaje jambo linalotakiwa kutendwa na muda wake, kwani wengi husoma kwenye simu ya mkononi. Ndani yake ufuatwe mtiririko wa hali iliyopo, historia, tathmini na pendekezo. Tatu, ijulikane nani ameupokea ujumbe na nani anaushughulikia. Nakala ikienda kwa watu kumi, kila mmoja hudhani mwenzake ameshajibu.

Mgonjwa naye ana haki ndani ya mfumo huu. Nchini Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Hivyo basi, jina na ugonjwa visionekane kwenye kichwa cha barua, na nakala zipelekwe kwa wanaomhudumia tu.

Hata ikisanifiwa vyema, barua pepe haifai kwa dharura. Jibu la hatari litolewe kwa simu, mpokeaji alirudie kwa sauti, kisha barua ifuate kama kumbukumbu. Nawe mgonjwa, hakikisha namba yako ya simu imeandikwa sawasawa, na uliza majibu yako yatatoka lini. Siku hiyo ikipita kimya, rudi ukaulize. Ukimya si ushahidi kwamba majibu ni mazuri.