Tundu la Nusu Milimita

Gari linatembea vizuri, ila taa ya injini haizimiki. Joto la Tanga hugeuza petroli mvuke, na mvuke unavuja mahali. Kompyuta ya baadhi ya magari hugundua hata tundu la nusu milimita. Ukiifuta taa kwa mashine bila kutafuta tundu, itarudi tu. Fundi mzuri huanza na mpira wa mfuniko wa tangi, halafu mabomba, mwisho anapuliza moshi ndani aone unapotokea.

Mt. Inyasi wa Loyola alifundisha kutafiti dhamiri kwa namna hiyo: kasoro moja, unaikagua mchana, tena usiku. Kwangu mimi, kuungama “nina dhambi nyingi” ni sawa na kumwambia fundi “gari bovu.” Leo chukua moja, tuseme ulimi. Umevuja wapi, ukimsema nani?