Msahafu Haukusafiri Peke Yake: Mwalimu Mtarajiwa na Vifaa vya Kufundishia

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Somo hili limetokana na swali tuliloulizana usiku mmoja baada ya Swala ya Isha, siku chache tangu turudi kutoka mazoezi ya kufundisha. Mwenzetu mmoja wa mwaka wa 3 alisema: "Programu ya simu inaeleza ngeli za Kiswahili vizuri kuliko mimi, tena haichoki wala haikasiriki. Sasa mimi nitaajiriwa kufanya nini?" Tulicheka, lakini hakuna aliyemjibu. Nimelifikiri swali lile wiki kadhaa. Nilichokipata sikukipata kwenye kozi yetu ya teknolojia ya elimu (waalimu wangu wanisamehe), bali katika darsa la historia ya Qur'ani. Basi tuanzie huko.

Katika ukhalifa wa Sayyidna Uthman bin Affan (r.a.), Hudhayfa bin al-Yaman (r.a.) alirudi Madina kutoka vita vya Armenia na Azerbaijan akiwa na hofu. Aliwasikia watu wa Sham na watu wa Iraq wakihitilafiana katika kusoma Kitabu cha Allah (s.w.t.). Khalifa akaamuru nakala ziandikwe na kupelekwa katika miji mikuu. Hadi hapo kila aliyepita madrasa anakijua kisa. Tunachokisahau ni kwamba, kama vinavyoeleza vitabu vya elimu za Qur'ani, nakala zile zilifuatana na wasomaji. Zayd bin Thabit alisomesha Madina, Abdullah bin as-Saib Makka, al-Mughira bin Shihab Sham, Amir bin Abd Qays Basra, na Abu Abdirrahman as-Sulami Kufa.

Kwa nini kila nakala ipewe mtu? Kwa sababu maandishi ya wakati ule hayakuwa na nukta wala irabu. Herufi ba, ta na tha katikati ya neno zilikuwa na umbo moja. Anayejua alisoma, asiyejua alikisia. Ngozi iliyoandikwa vizuri ilikuwa teknolojia ya juu kabisa ya zama zile, na Maswahaba hawakuidharau. Waliiamuru, waliisimamia, waliisambaza. Ila hawakuridhika ifike mjini bila mtu wa kukaa na watu na kuwasikiliza wanavyosoma.

Huyo as-Sulami aliyekuwa Kufa, vitabu vya wasifu wa wasomaji vinasema alikuwa kipofu. Tulia kidogo hapo, ndugu msomaji. Msahafu ulioandikwa ulifuatana na mtu asiyeweza kuuona! Alikaa katika msikiti mkuu wa Kufa akisomesha kwa takriban miaka 40. Hadithi mashuhuri ya ubora wa mwenye kujifunza Qur'ani na kuifundisha imepokewa kupitia kwake kutoka kwa Sayyidna Uthman, naye alikuwa akisema kuwa hiyo ndiyo iliyomkalisha mahali pale. Miongoni mwa wanafunzi wake alikuwa Asim, na mwanafunzi wa Asim ni Hafs. Kisomo cha Hafs ndicho tunachosoma wengi wetu hapa Uganda kila alfajiri. Kimetufikia kwa wino, naam, lakini pia kwa sikio la mtu kipofu.

Nukta na irabu zilikuja baadaye, na namna zilivyokuja ni somo lenyewe. Simulizi mashuhuri inamtaja Abu al-Aswad ad-Duali, aliyefariki mwaka 69 Hijria, kwamba alianza kuweka alama za irabu baada ya kusikia watu wakikosea. Kisha Nasr bin Asim na Yahya bin Ya'mar wanatajwa katika kupambanua herufi kwa nukta, na al-Khalil bin Ahmad akatengeneza alama za irabu zinazofanana na hizi tunazozijua. Waliokuwa na masikio ya ualimu ndio waliounda kifaa. Kosa la mwanafunzi lilitangulia, chombo kikafuata. Siku hizi mara nyingi tunafanya kinyume: kompyuta zinaletwa shuleni, halafu tunaanza kutafuta tatizo litakalotatuliwa nazo.

Sasa tuje kwetu. Shule zetu zilifungwa Machi 2020, na hazikufunguliwa kikamilifu mpaka tarehe 10 Januari 2022. Madarasa ya mitihani yalirudi mapema, lakini wadogo walikaa nyumbani karibu miaka 2. Wanafunzi wapatao milioni 15 waliguswa. Haikuwa kwamba hakuna kilichofanyika. Kituo cha Taifa cha Kukuza Mitaala, NCDC, kiliandaa vitini vya kujisomea, magazeti yakachapisha masomo, redio na televisheni zikafundisha. Kwa maneno mengine, "msahafu" ulipelekwa.

Mdogo wangu alikuwa darasa la 2. Nyumbani tulikuwa na redio moja ya betri. Mwalimu wa redioni aliuliza swali, akanyamaza kidogo ili mtoto ajibu, kisha akasema, "Vizuri sana!" Mdogo wangu alijibu kosa, akasifiwa. Siku ya pili akajibu kosa lilelile, akasifiwa tena. Nilikuwa nimekaa palepale nikimenya matoke na sikusema neno, kwa kuwa nilidhani kufundisha ni kazi ya redio. Hilo linaniuma mpaka leo. Aliporudi shuleni alikuwa amepandishwa darasa, na hakuweza kusoma sentensi moja mpaka mwisho.

Nyumba ya tatu kutoka kwetu palikuwa na dada mmoja aliyekuwa akisubiri kumaliza sekondari. Alikichukua kitini kilekile, akawakalisha watoto 4 wa nyumbani kwao chini ya mfenesi, kila mmoja akasoma kwa sauti, yeye akisikiliza. Hakuwa na cheti, hakuwa na bando. Wale watoto walirudi shuleni wakisoma. Kitini kilikuwa kimoja kwa nyumba zote mbili. Kilichotofautiana ni kwamba kwao palikuwa na mtu anayesikiliza.

Muhula uliopita nilipangiwa kufundisha Kiswahili katika sekondari moja huku Buganda. Simu haziruhusiwi kwa wanafunzi, kama ilivyo katika shule nyingi za Uganda, na projekta ya shule ni moja. Kwa somo la ngeli ya KI-VI niliandaa slaidi za rangi, na sauti za wazungumzaji kutoka pwani kwenye flashi. Nakiri sababu ya pili ya kuandaa vile: nilikuwa naogopa kusimama mbele ya wanafunzi 70. Taa ikizimwa na picha ikiwaka ukutani, hawakutazami wewe.

Dakika ya 10 umeme ukakatika. Nikabaki na chaki. Kwa kukosa la kufanya, nikamwambia kijana mmoja aseme kwa Kiswahili kwamba kitabu chake kimepotea. Akasema, "Kitabu yangu imepotea, Mwalimu." Nikawauliza wengine, karibu wote wakasema hivyohivyo. Programu ya simu ingewaambia "kosa", ingewapa jibu sahihi, na kuendelea. Lakini nilimsikia mmoja nyuma akimnong'oneza mwenzake kwa Kiganda, nikamwomba aseme kwa sauti. Akasema, "Ekitabo kyange kibuze."

Niliandika ubaoni sentensi yake, na chini yake: kitabu changu kimepotea. Kisha ebitabo byange bibuze, na chini yake: vitabu vyangu vimepotea. Darasa likanyamaza, halafu msichana mmoja akasema, "Mwalimu, kumbe ni kitu kilekile!" Ndiyo. Upatanisho wa ngeli walikuwa nao tangu wananyonya. Kilichowapotosha ni Kiswahili cha barabarani walichokisikia, kisichojali ngeli. Slaidi zangu 14 zilikuwa zikiwafundisha kitu wanachokijua, na hazikuwa na njia ya kulitambua hilo, kwa kuwa zilisema bila kusikia.

Sisemi tuvunje projekta. Mwaka 1961 ilitoka Cairo rekodi ya Qur'ani nzima kwa sauti ya Sheikh Mahmoud Khalil al-Husary, na wangapi kati yetu wamenyoosha matamshi yao kwa sauti hiyo? Siku hizi ipo mpaka programu ya Tarteel, inayokusikiliza ukisoma na kukuonyesha neno uliloruka. Ni neema, na mwenye kuhifadhi peke yake bwenini saa 8 usiku anaijua thamani yake. Inakuonyesha ulipokosea. Lakini kwa nini umekosea, na kwamba ulimi wako unavuta l mahali pa r kwa sababu ya lugha ya mama yako, hilo hulijua yule aliyekaa nawe. Pengine zipo mashine zitakazolijua kesho. Hata hivyo mwanafunzi wa shule niliyofundisha hatakuwa na simu mfukoni kesho wala keshokutwa, na kipindi chake ni dakika 40.

Kwa hiyo mwenzangu aliyeuliza nitaajiriwa kufanya nini, jibu langu ni hili: kuwa yule aliyetumwa na nakala. Hiyo si kazi ndogo. Inataka ujue lugha ya watoto unaowafundisha, inataka uvumilie kusikiliza kosa mpaka mwisho wake kabla hujalisahihisha, na inataka uache kujificha gizani nyuma ya slaidi, jambo ambalo mimi mwenyewe bado najifunza.

Katika andalio la somo tuna safu ya vifaa. Nimeanza kuongeza safu nyingine ndogo pembeni yake: nani atawasikiliza wanapokitumia? Ninapokosa jina la kuandika hapo, kifaa hicho nakiondoa. Msimamizi wangu alikunja uso alipoiona, kisha akaiacha.

Wenye maandalio yao wayalete Jumamosi baada ya Alasiri, ukumbi wa chini wa msikiti. Tutayapitia mojamoja, na wa Hisabati na Sayansi waje pia, maana mifano ya Kiswahili nimeshaimaliza.