Mboji kutokana na mabaki ya bwalo la chuo

Swali: Mabaki ya ugali, wali na maharage ya bwaloni yakirundikwa hunuka na kujaa funza. Yatageuzwaje kuwa mboji?

Jibu: Uvundo hutokana na ukosefu wa hewa. Chakula kilichopikwa kina maji mengi; kikirundikwa peke yake hushikamana, na bakteria wasiohitaji oksijeni hushamiri. Dawa yake ni vitu vikavu vyenye kaboni: majani makavu, mabua ya mahindi yaliyokatwakatwa au maranda ya mbao zisizotiwa dawa. Uwiano unaofaa wa kaboni kwa naitrojeni ni kama 30 kwa 1. Kwa vitendo, kila ndoo ya mabaki huchanganywa na ndoo mbili au tatu za vitu vikavu. Mchuzi humwagwa kwanza, na mabonge ya ugali hufikichwa, la sivyo katikati yake huchacha.

Rundo liwe na angalau mita 1 kila upande ili lihifadhi joto. Likifika nyuzi 55 hadi 65 za Selsiasi kwa siku kadhaa, vimelea vingi na mayai ya nzi hufa, mradi ligeuzwe ili sehemu za nje nazo ziingie ndani. Juu lifunikwe kwa majani makavu daima.

Nyama, samaki, mifupa na mafuta huvutia panya na mbwa, hivyo vitengwe. Kazi ngumu kuliko zote ni kutenganisha plastiki, na hufanyika vizuri pale pale sahani zinaporudishwa. Mboji hukomaa baada ya miezi 3 hadi 6. Kwa kuwa chakula huwa na chumvi, mboji ichanganywe na udongo kabla ya kupandiwa miche.