Dawa ya Minyoo ya Ng'ombe Haitibu Saratani

Barua kadhaa za Ikungi, Iramba na Manyoni zinauliza jambo moja: ivermectin, wanayochomwa ng'ombe na tunayomezeshwa kwa matende, inaponya saratani? Tunasikia imeua seli za saratani maabara.

Haiponyi. Kwenye maabara imeziua kweli, lakini kisahani cha maabara hakina ini, ubongo wala damu inayozunguka. Jambo la kuuliza ni kiasi. Kipimo cha matende ni mikrogramu 150 hadi 200 kwa kila kilo ya mwili, na dawa inayoonekana kwenye damu baada ya kumeza ni pungufu kwa takribani mara mia kuliko ile iliyoua seli kisahanini. Anayetaka kufikia kiasi kile atayumba, atachanganyikiwa na kupoteza fahamu, na uvimbe utabaki pale pale. Sasa itazame chupa ya duka la dawa za mifugo: kila mililita ina miligramu 10, kwa hiyo chupa ya mililita 50 ina miligramu 500. Mtu wa kilo 60 humezeshwa miligramu 12 hivi, mara moja, basi.

Nichanganye na mlonge?

Hapana.

Mbona dawa nyingine za zamani zimekuja kutibu saratani? Au hii inafichwa kwa kuwa ni rahisi?

Zipo, ila zilipita kwenye majaribio ya wagonjwa. Thalidomide iliuzwa Ujerumani mwaka 1957 kama dawa ya usingizi, ikaondolewa 1961 kwa kulemaza watoto tumboni. Mwaka 2006 Marekani iliiruhusu kwa mailoma, saratani ya uboho. Madai ya kufichwa hayasimami. Metformin ya kisukari ni rahisi mno, na bado ilipimwa kwa wagonjwa 3,649 wa saratani ya matiti, wengine wakipewa vidonge visivyo na dawa. Matokeo ya 2022 yalionyesha haikuzuia ugonjwa kurudi, yakatangazwa hivyo hivyo. Aspirini nayo ni ya bei ya chini. Utafiti wa nchi za Skandinavia uliotoka 2025 ulionyesha inapunguza saratani ya utumbo mpana kurudi, kwa wagonjwa wenye mabadiliko fulani ya vinasaba tu.

Nitumie ivermectin wakati nasubiri rufaa ya hospitali ya Ocean Road au Bugando?

Usiitumie, na rufaa usiiahirishe hata siku moja. Saratani ya mlango wa kizazi ikikutwa mapema hutibika. Miezi inayopotelea kwenye chupa ya mifugo hairudi. Mwenye uvimbe titini, au anayetokwa damu baada ya tendo la ndoa au baada ya kukoma hedhi, aende hospitali wiki hii.