Swichi ya Analogi Si Waya: Mafunzo Niliyopata

Bodi ya Arduino Uno ina pini sita za analogi, A0 hadi A5, na vijana wengi ninaofanya nao kazi mezani huamini kwamba ndani kuna vipimio sita. Kipo kimoja. Chipu ya ATmega328P ina ADC, yaani kipimio cha volti, moja tu, na mbele yake zimepangwa swichi za transista zinazoiunganisha na pini moja baada ya nyingine, kwa amri ya rejista iitwayo ADMUX. Pini zikikuishia, unaongeza swichi za namna hiyo kwa nje. Chipu ya CD4051, yenye miguu 16, hupokea njia nane na kutoa moja. Nimezitumia sana kwenye mashine za kutotolesha vifaranga, na yafuatayo ndiyo ziliyonifunza.

1. Hata ikiwaka, ina ukinzani

Ndani ya kila swichi kuna transista mbili zilizounganishwa sambamba, NMOS na PMOS. Ya kwanza hupitisha vizuri volti za chini, ya pili volti za juu. Kwa pamoja huruhusu ishara kwenda na kurudi. Lakini transista haigeuki kuwa waya. CD4051 inayolishwa volti 5 hubaki na ukinzani wa omu 470 hivi. Ukiilisha volti 15, hushuka hadi kama 125.

Omu 470 ni nyingi? Inategemea zinakutana na nini. Bodi ya NodeMCU ya ESP8266 ina pini moja tu ya analogi, na nyuma ya pini hiyo kuna rezista za kilo-omu 220 na 100 zilizofuatana. Mbele ya kilo-omu 320, omu 470 hazifiki hata mbili kwa elfu. Zisahau.

Sasa chukua themista ya kilo-omu 10 ya kupimia joto la mayai. Ili kubana matumizi, watu huweka rezista moja upande wa pini ya pamoja, na themista nane upande wa pili. Kwa mpangilio huo mkondo wa kipimo unapita ndani ya swichi, na omu zake zinajumlishwa na za themista. Kwenye nyuzi 37.5, joto la kutotoleshea mayai ya kuku, themista ya kawaida huwa na omu 5,900 hivi. Ongeza 470, na programu itasoma joto pungufu kwa karibu nyuzi mbili. Tena kosa lenyewe limeelekea pabaya: mashine ikidhani mayai yanapoa, inazidi kuyapasha.

Usijaribu kuzitoa hizo 470 kwa hesabu ndani ya programu, kwa sababu ukinzani huo hubadilika kwa volti ya ishara, kwa joto, na hata kati ya chipu moja na nyingine. Dawa yake ni rezista nane, kila themista na yake, kabla ya kufika kwenye swichi. Hapo swichi hupitisha volti tu, mkondo karibu hakuna, na omu zake zinakosa pa kuharibu. Rezista saba za ziada si kitu cha kubania.

2. Njia iliyotangulia huacha mabaki

Mlangoni mwa ADC ya ATmega328P kuna kapasita ndogo mno, pikofaradi 14, inayojazwa kwa muda mfupi kabla ya kupimwa. Ni kikombe kisichosuuzwa: kama chanzo ni kidhaifu na hakiwahi kukijaza upya, unaonja chai ya mgeni aliyepita. Ndiyo maana karatasi ya chipu hiyo inashauri chanzo kisizidi kilo-omu 10. Kihisi cha mwanga kikiwa gizani huvuka kiwango hicho kwa mbali, na utakiona kikiiga namba za jirani yake.

Badilisha njia, soma mara moja utupe, kisha soma tena. Au weka kapasita ya nanofaradi 100 kati ya kila njia na ardhi, lakini upande wa vihisi. Ukiiweka upande wa pini ya pamoja, umeongeza ukubwa wa mabaki yenyewe.

3. Ishara isivuke volti za chipu

Swichi ikilishwa 3.3 halafu kihisi kikatoa 5, diodi za ulinzi hufunguka na umeme huingia kwa mlango wa nyuma. Chipu inaweza hata kuendelea kuishi kwa umeme wa ishara baada ya kuikatia chakula chake, na hapo utatafuta kosa usiku kucha. Mguu wa 7 wa CD4051, VEE, ni wa volti hasi; kama huna volti hasi, uunganishe na ardhi.

4. Amri nazo zina kiwango chake

CD4051 na 74HC4051 zikilishwa volti 5 hudai amri ya volti 3.5 hivi ndipo zikubali kuwa ni moja. ESP hutoa 3.3. Siku nyingine hukubali, siku nyingine hukataa. Ama lisha 74HC4051 kwa 3.3, ama tafuta 74HCT4051, ambayo volti 2 zinaitosha.

Kuna jingine: kutoka njia ya 3 kwenda ya 4, laini zote tatu za kuchagua hubadilika, na programu huzibadilisha moja moja. Katikati swichi hugusa njia usizozitaja. Kwa kusoma joto si neno. Kwa kupeleka amri kwenye kifaa, pandisha kwanza mguu wa INH, unaozima njia zote, badilisha, kisha ushushe.

5. Soma mchoro wa bodi kabla ya kulaumu programu

Swichi nyingine tayari zimo ndani ya bodi yenyewe. Kwenye Raspberry Pi Pico W, GPIO29 ina kazi mbili. Ni saa ya mawasiliano kati ya kichakataji na chipu ya Wi-Fi, na ni pini ya kupimia theluthi ya volti inayoilisha bodi. GPIO25 ndiyo inayoamua: ikiwa juu, kipimo cha volti kinafunguliwa, ikiwa chini, chipu ya Wi-Fi inazungumzishwa. Programu ya kupima betri iliyoandikiwa Pico ya kawaida haijui lolote kuhusu hilo, kwa hiyo ukiihamishia kwenye Pico W, pandisha GPIO25 wakati Wi-Fi imetulia, ndipo usome.